Kikohozi cha Filamu ya Kijerumani

Apa kwanza. Weka mkono kifuani useme hili halitatoka hapa tulipokaa. Umeapa? Vizuri. Hata mimi niliapa, tena kwa machozi, na tangu siku ile nimemwambia dada yangu, na jirani wa upande wa kulia, na yule bibi wa mashine ya kusaga, ambaye hahesabiki kwa sababu masikio yake yamechoka. Sasa nakwambia wewe, na ndiyo mwisho. Ila ikikuwasha ukataka kumsimulia mwingine, msimulie nje, mchana, penye upepo. Usimsimulie ndani ya chumba kilichofungwa. Sababu utaiona mwenyewe.

Mambo yalianza na kikohozi.

Wala hakikuwa kikohozi cha kutisha. Kikohozi kidogo tu, kama cha mtu mstaarabu anayebisha hodi kwa koo. Bi Midomo alikuwa kwenye kiti chake cha miguu mitatu, hedifoni masikioni, akisikiliza rekodi ya kazi yake ya jana. Akasikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Ewe mume wangu, treni imechelewa," na juu ya maneno hayohayo, mtu akakohoa. Kho. Akarudisha nyuma. Kho.

"Fundi," akamwita mumewe, "jana ulikohoa?"

"Mimi nilikuwa mbele na projekta. Umekohoa wewe."

"Sijakohoa."

"Mtu anaweza kukohoa asijijue."

"Akohoe huku anasema treni imechelewa? Ana makoo mangapi?"

Fundi akacheka, akasema ni waya. Kwa Fundi kila kitu kilikuwa ni waya. Mvua ikichelewa, waya. Mama mkwe akikasirika, waya.

Kazi ya Bi Midomo ilikuwa kufasiri filamu. Ukumbi wao ulikuwa ghala la zamani la magunia: mabenchi kumi na mawili, madirisha yamezibwa kwa mablanketi, ukutani shuka jeupe lililopigwa pasi kila Jumatatu. Nyuma kabisa, karibu na mlango, kilisimama kibanda cha mbao kisichozidi ukubwa wa kabati. Ndani kilibandikwa trei za mayai na vipande vya godoro ili sauti isitoke wala isiingie. Humo ndimo alimokaa na kipaza sauti chake, akitazama shuka kupitia kijidirisha cha kioo, na kila mgeni aliyefungua mdomo kule ukutani, Bi Midomo alimpa maneno. Wanaume aliwapa sauti ya pipa, mabibi sauti ya bawaba kavu, wasichana sauti ya sukari. Sheria ya kazi ilikuwa moja tu: mdomo ukifunguka, upewe sauti. Na Fundi, kule mbele, alikuwa na vifundo viwili vya kuzungusha kwenye mashine, kimoja cha sauti ya filamu, kimoja cha sauti ya mkewe. Mkewe akisema, ya filamu huteremshwa mpaka ibaki mnong'ono.

Sasa sikiliza hili, maana ndilo lililomfunga kamba. Bi Midomo alikuwa amewaambia watu wote kwamba Kijerumani anakijua. Alisema alijifunza enzi za usichana, alipokuwa akimfulia nguo mwalimu mmoja mgeni. Kweli alimfulia. Alichojifunza kwa miaka miwili ni salamu na neno la sabuni.

Na kibanda kile kilikuwa na kazi ya pili. Mtaa mzima hapakuwa na mahali pengine ambapo mtu angesema asisikike. Kuta za nyumba zilikuwa nyembamba kama ngoma. Basi asubuhi, kabla ya kazi, wanawake walikuja mmojammoja, wakajibana mle na Bi Midomo, magoti yakigusana, mlango ukafungwa, wakashusha ya moyoni. Kila mara Bi Midomo alizima kipaza sauti, akakifunika kwa kiganja, akaapa. Na alitunza! Mwanamke yule aliwadanganyia wageni midomo elfu, lakini siri ya mtaa haikuwahi kumponyoka hata moja. Ndiyo heshima pekee aliyokuwa nayo, na aliijua thamani yake.

Haya. Mwalimu mgeni mwingine, mfundisha lugha, akafunga shule yake akarudi kwao. Vitabu vikaenda kufungia vitumbua. Kasha la filamu likaletwa na Wifi, dada yake Fundi, yule anayekaa mlangoni kukata tiketi. Diski thelathini na moja, nyingi za Kijerumani, nyingine za nchi za jirani huko huko Ulaya. Kwenye majalada hapakuwa na bunduki hata moja. Palikuwa na kiti. Palikuwa na mwanamume na mwavuli. Palikuwa na shamba tupu.

"Wifi yangu," Bi Midomo akasema, "hii ni filamu ama ni tangazo la samani?"

Wakaonyesha ya kwanza kipindi cha saa tisa, kipindi cha wanawake. Mtu wa posta anavuka ziwa lililoganda akipeleka barua moja. Anatembea. Anatembea tena. Anakaa juu ya jiwe, anavua kiatu, anatoa changarawe.

"Ngumi saa ngapi?" akauliza Mshonaji kutoka benchi la mbele.

"Ngoja, labda hiyo changarawe ni bomu," akasema Muuza Maziwa, na ukumbi ukavunjika mbavu.

Bi Midomo akaona kazi inamfia mikononi. Akaanza kujaza ule ukimya. Mtu wa posta akapewa mawazo, akapewa mke mkorofi, akapewa jipu. Lakini ilipopita saa moja na nusu tangu waanze maneno yakamwishia, akanyamaza, na kwa mara ya kwanza pale ukumbini hakuna aliyepiga kelele. Mtu wa posta alifika kwenye nyumba, mlango uko wazi, kikombe mezani bado kinafuka moshi, na mwenye barua ndiyo kwanza ametoka. Akaiweka barua kando ya kikombe. Akakaa kidogo kwenye kiti cha yule mtu, akashika kikombe kupata joto. Basi, imekwisha. Taa zilipowaka, Mshonaji alikuwa anajifuta macho kwa upindo wa nguo anayoshona ya mteja.

"Sijui ninalia nini," akasema. "Mniache."

Tangu siku hiyo wakanogewa. Ukiwapita dukani utawasikia wakibishana juu ya yule mama wa filamu ya pili, mwenye hoteli mlimani, anayeandaa meza ya watu wanane kila jioni na haji mtu. "Anamngoja mumewe." "Mume gani, anajingoja mwenyewe!" "Ningekuwa mimi ningekula vyote vinane nilale." Wakajifunza kuingia mapema. Wakajifunza kutazama uso wa mtu ukibadilika polepole kama maji yanavyochemka. Tena ndio walioanza kumshushua anayetafuna kwa kelele.

Diski ya thelathini na moja haikuwa na jalada wala jina. Nyeusi na nyeupe. Chumba kimoja chenye milango mitatu, jiko la makaa, dirisha. Mwanamke aliyejifunga kitambaa kichwani anakuja dirishani, anatazama nje, yaani anakutazama wewe uliyeketi kwenye benchi, na anasema sentensi moja. Anarudi kukaa. Baada ya dakika kadhaa anarudi tena, sentensi ileile. Na pembeni, kati ya mlango wa pili na wa tatu, kwenye msumari, limetundikwa koti zito la sufu, limelowa chapachapa, linadondoka. Tone. Tone.

Mara ya kwanza mwanamke aliposema, Bi Midomo akamfasiria, "Ewe mume wangu, treni imechelewa." Mara ya pili, hivyohivyo. Mara ya sita wanawake walianza kuhema. Hapo shetani wa mzaha akampanda. Akatazama lile koti, akalibania pua, akalipa sauti:

"Na mimi je? Mtanianika hapa mpaka lini?"

Ukumbi uliruka. Muuza Maziwa alianguka kutoka kwenye benchi. Hakuna mdomo uliokuwa umefunguka kule ukutani, lakini sauti ilikuwa imeshatoka, na Bi Midomo, kwa kuona kicheko, akaongeza. Koti likamtania mwanamke, likalalamika baridi, likataka kuolewa. Likaitwa Bwana Koti. Kesho yake walitaka filamu hiyohiyo. Keshokutwa, hiyohiyo.

Na keshokutwa ndiyo siku ya kikohozi.

Baadaye ikaja harufu. Bi Midomo alifungua kibanda asubuhi akakutana nayo: sufu iliyolowa, na nyuma yake makaa yaliyozimwa kwa maji. Akapapasa godoro la ukutani, kavu. Akapapasa chini ya kiti. Palikuwa na maji kidogo, kiasi cha kijiko, ya baridi mpaka kidole kikauma.

"Fundi, paa linavuja."

"Mvua ya lini?"

Basi wakafuta, wakaendelea. Mshonaji alikuja asubuhi hiyo, akajibana na Bi Midomo mle ndani, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba nywele zake zimekwisha zote, kwamba chini ya kilemba ni kichwa kama yai, na mumewe hajui mwaka wa pili huu. Bi Midomo akaapa. Na wakati anaapa, nyuma ya mgongo wake, mahali ambapo hapakuwa na nafasi hata ya kusimama kuku, kitu kilidondoka. Tone.

Alasiri, Bwana Koti alisema, "Kuna mtu hapa benchi la mbele, chini ya kilemba ana yai. Mumewe asimkaange tu!"

Bi Midomo hakulisema. Alikuwa ameinamia chupa ya maji, anakunywa. Alisikia kwenye hedifoni sauti yake mwenyewe, ile ya kubana pua, ikicheka, na maji yakamwendea njia siyo. Ukumbini watu walicheka kwa kutoelewa, isipokuwa mmoja. Mshonaji aliinuka, akashika kilemba kwa mikono miwili, akatoka.

Siku ya pili koti likamwaga mtama wa mke wa Mwenye Duka la Dawa, kwamba hufungua barua za mumewe kwa mvuke wa birika. Siku ya tatu, wa Muuza Maziwa. Bi Midomo alijaribu kila njia. Alificha ile diski uvunguni. Fundi akaweka ya mtu wa posta, na kilichotokea ukutani ni chumba cha milango mitatu. Alijifunga mdomo kwa mtandio, akakaa kibandani anatazama tu, viganja juu ya mtandio, na sauti yake ikaendelea kutoka, nzuri, nyepesi, bila kigugumizi, kama ya mtu aliyelala vizuri. Akafikiria kumwambia mumewe. Amwambie nini? Kwamba koti la kwenye filamu linasema? Atasema ni waya.

Siku ya nne likamfikia Wifi.

Mtaa mzima ulijua kwamba Wifi aliachwa na mumewe. Ni Bi Midomo peke yake aliyejua kwamba hakuachwa. Wifi alimkimbia yule mtu kwa kipigo, na yule mtu alikuwa bado anauliza mji hadi mji yuko wapi. Na Bwana Koti, polepole, kama anayemsomea mtu anwani, akataja kipigo alichokikimbia Wifi, akataja jina la ukoo la yule mwanamume, akataja Wifi anakokaa, mlango wa rangi gani.

Wifi alikuja kibandani, akasimama mlangoni. Hakupiga kelele. Ingekuwa heri apige.

"Wifi yangu," alisema, "si uliniapia? Kiganja chako kilikuwa hapa. Hapa."

"Si mimi! Haki si mimi."

"Ni sauti ya nani ile?"

Na hapo Bi Midomo akafanya kosa lake la pili. Nyuma ya Wifi walikuwa wamesimama wanawake wote wa benchi la mbele, macho kama misumari, na nyuma yao Fundi. Aseme ni jini, watamwita mwongo na mwendawazimu. Akakimbilia uongo wa zamani, ule aliouzoea.

"Mimi nafasiri tu!" akalia. "Yaliyosemwa yamo mle! Anayesema ni Mjerumani!"

"Mjerumani," akasema Muuza Maziwa, "anajua mimi nimechanganya nini kwenye maziwa yangu?"

"Kijerumani ni lugha pana," akasema Bi Midomo.

Mshonaji akasema, "Kuna Mzee Reli. Alisomea injini hukohuko Ujerumani miaka saba. Aje kesho saa tisa, akae mbele, asikilize. Kama yamo, yamo. Kama hayamo..."

Fundi ndiye aliyemalizia, bila kumtazama mkewe. "Kama hayamo, utafunga nguo zako urudi kwenu. Huyu ni dada yangu. Huko aliko yule mtu, akisikia, atakuja kumuua."

Basi ona alivyobanwa. Mbele Mzee Reli, nyuma nyumba inayomfukuza, na katikati kabati la mbao lenye harufu ya koti.

Kesho yake saa tisa mabenchi yalijaa mpaka watu wakasimama. Mzee Reli aliketi mbele, kofia gotini, fimbo kando. Wifi hakukaa mlangoni kukata tiketi. Alisimama kando ya kibanda, mikono kifuani. Bi Midomo akaingia, akafunga, akawasha balbu yake ndogo. Maji chini ya kiti yalikuwa yamefika kwenye nyayo.

Mwanamke wa kitambaa akaja dirishani. Akasema sentensi yake.

"Ewe mume wangu," akaanza Bi Midomo, "treni..."

"Hapana, mama!" Mzee Reli alikuwa ameinuka. "Hasemi hivyo. Hakuna treni hapa."

"Si tulijua!" wanawake wakapiga kelele za hasira.

"Nyamazeni, nisikie tena." Mwanamke ukutani akarudia. Mzee Reli akakunja uso, akasema polepole, kama mtu anayesoma kibao cha hatari, "Anasema: Lile la pembeni msilisemeshe. Likipata sauti litatoka, na mwenye sauti ataingia."

Yote yale, siku zote zile, mara kumi kwa kila kipindi, yule mwanamke alikuwa anawaonya, na Bi Midomo alikuwa anampakia treni juu yake.

Akavua hedifoni. Akakishika kitasa cha kibanda, akakizungusha, akasukuma mlango atoke akawaombe radhi wote, aseme hajui Kijerumani, aseme alimfulia mtu nguo tu, na mlango ukafunguka, lakini nje ya mlango hapakuwa na ukumbi. Na usiniulize nimejuaje aliyoyaona huko. Kila mtu ana vyanzo vyake. Palikuwa na sakafu ya mbao, na jiko la makaa lililozimika, na baridi iliyomwingia kwenye meno, na kila kitu kilikuwa hakina rangi, hata mikono yake mwenyewe alipoitazama ilikuwa ya kijivu, na mlango ukajifunga nyuma yake nao ukawa mmoja wa mitatu, naye hakujua tena ni upi, akavuta wa kwanza ukafungukia ukuta, akavuta wa pili ukafungukia ukuta, akavuta wa tatu na vidole vyake vikateleza kwa maji, na kati ya wa pili na wa tatu, pale pembeni, akaona msumari mtupu.

Kando ya jiko, mwanamke wa kitambaa alikuwa ameketi kwenye benchi. Akamtazama Bi Midomo bila mshangao. Akajisogeza kidogo, kumpa nafasi.

"Sikai!" Bi Midomo akapiga kelele. "Mimi si wa hapa!"

Akakimbilia dirishani, na upande wa pili wa kioo, gizani, aliwaona wote: benchi la mbele, kilemba cha Mshonaji, Muuza Maziwa na mdomo wake wazi, Fundi akiwa ameinamia vifundo vyake, nyuso zote zimeinuka zimepakwa mwanga wa kijivu, zinamtazama yeye. Akapiga kioo kwa viganja. Akaita, "Fundi! Mume wangu, ni mimi, nimo humu, nitoe!" na papo hapo, juu ya sauti yake, nzito, karibu, tamu, akasikia sauti yake nyingine ikimfasiria: "Fundi wa viatu yuko wapi? Vidole vyangu vinataka kuolewa!" na akaona meno ya watu wote, watu wake, wakicheka.

Akalia, na sauti ikasema anaimba. Akamwita Wifi kwa jina lake la utotoni, jina ambalo hakuna mwingine anayelijua pale mtaani ila Fundi, na sauti ikamgeuza kuwa mtu anayeita kuku. Kila alivyozidi kujitahidi ndivyo walivyozidi kucheka, hata wale waliokuja na hasira, na alijua kabisa, maana ndiyo kazi yake, kwamba hawamsikii kamwe, kwamba mtafsiri akisema sauti ya filamu huteremshwa mpaka ibaki mnong'ono, na mtafsiri huyu hataacha kusema, hapumui, hamezi mate, na filamu haitakwisha, na mwanamke wa benchi naye labda alikuwa mfasiri mahali fulani, zamani, akafanya mzaha mmoja tu. Nyuma yake alisikia benchi likilia kidogo. Nafasi ile bado ilikuwa inamngoja.

Mtu mmoja pale mbele alikuwa hacheki. Mzee Reli alikuwa amesogea mpaka kwenye shuka, shingo mbele, akitazama midomo ya Bi Midomo, si picha nzima, midomo tu.

"Huyu si yule wa mwanzo," alisema. "Na huyu hasemi Kijerumani. Kijana, pandisha sauti ya filamu."

"Mfasiri hatasikika, mzee," akasema Fundi.

"Ndivyo nitakavyo."

Fundi alisita. Bi Midomo alikiona kidole chake kikigusa kifundo, akaliona lile jicho la kusema ni waya tu, na akajua ana pumzi moja. Hakulia. Hakuita msaada. Alibandika mdomo kwenye kioo akasema kwa utulivu, kama anavyosema kibandani asubuhi na kiganja juu ya kipaza sauti:

"Wifi yangu, niliapa. Sikusema. Sijamwambia mtu."

Fundi akazungusha. Na maneno hayo yakajaa ukumbini, kutoka ukutani, kwa sauti yake ya kweli, yenye mkwaruzo, iliyochoka.

Kicheko kilikatika kama kimekatwa kwa mkasi. Na katika kimya kile, wote walisikia kwamba ile sauti nyingine, ile tamu, bado inaendelea kule nyuma, kutoka kibandani.

Wifi alikuwa ndiye wa karibu. Bi Midomo alimwona kupitia kioo, juu ya vichwa vya watu, mbali, mdogo kama mtu wa kwenye filamu. Alimwona akiushika mlango wa kibanda, akiuvuta, ukigoma, akiuvuta kwa mguu umekanyaga ukuta. Maji yakamwagika miguuni pake. Kisha balbu ndogo ikamulika ndani, na safu kwa safu, benchi kwa benchi, vichwa vyote vikageuka kutazama nyuma.

Kwenye kiti cha miguu mitatu lilikuwa limeketi koti. Zito, la sufu, linadondoka. Ndani yake hapakuwa na mtu. Hedifoni zilikuwa zimekaa hewani, juu ya ukosi, mahali ambapo kichwa kingekuwa, na mkono mmoja mtupu umekilalia kipaza sauti, umekifunika kama kiganja cha mtu anayeapa.

Halikuwa na haraka. Kazi ni kazi. Kila mdomo uliokuwa wazi ukumbini mle, lilikuwa linaupa maneno.

"Na sasa wifi mtu amefungua mlango," lilisema, kwa sauti ya Bi Midomo. "Na sasa mume amesimama. Na sasa wote wamegeuka."

Likakohoa kidogo. Kho.

"Na sasa wameniona."